Kibanda Chako Kinatoa Moshi, Anna

Anna, mke mwenzangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sikungoji uitike. Hata ulipokuwa hai ukisalimiwa ulimaliza kwanza mstari uliokuwa unausoma. Nimekuita mke mwenzangu. Padri alitukataza neno hilo siku ya ubatizo, tukalimeza, tukaitana dada mbele za watu kwa miaka yote hii. Sasa wewe umekufa, mimi ni mzee, na karatasi ni yangu. Nitakuita nitakavyo.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu herufi ulinifundisha kwa Kiswahili, kwenye kile kitabu cha Injili cha misheni. Kinyambo tumekizungumza maisha yetu yote lakini sijui kukipanga kwenye mstari. Ukiona makosa, ni yako. Wewe ndiye mwalimu.

Kwanza nikugombeze. Umekufa vibaya. Umekufa katikati ya palizi ya masika, magugu yamefika magotini, na ulikuwa umeniambia ni kikohozi tu. Siku ya kwanza kikohozi, siku ya pili kikohozi, siku ya tatu nimekuletea uji nimekuta kitabu kifuani na mkono umekuwa baridi. Mtu hafanyi hivyo. Mtu anamwambia mwenzake. Ningekuja nikakaa, ningemwacha hata yule ng'ombe mwenye kuzaa. Lakini wewe tangu zamani ulikuwa mtu wa kuondoka bila kusumbua watu, na hilo ndilo ninalotaka kukuambia, ila nitalifikia. Usiniharakishe.

Tulikuzika chini, karibu na kibanda chako, mwisho wa kibanja, shamba letu la migomba. Mvua ilikuwa nyingi, kaka zako wa Nyakasimbi hawakuwahi. Hata udongo haujakauka shemeji yetu Rwekaza akasimama. Tangu mume wetu Lazaro afe yeye ndiye anayejiona mlango wa ukoo, kila kitu lazima kipitie kwake. Akasema umezikwa pale kwa sababu ya mvua tu. Akasema mwanamke huyu hakuwa mke wa ndugu yangu, alikuwa mke akaacha kuwa mke, na ukoo hauna kaburi la mtu wa namna hiyo. Kahawa ikishavunwa, kibanda kitabomolewa na migomba itapandwa mahali pote pale, mpaka kwenye mtaro. Nikamuuliza, juu ya kaburi pia? Akanijibu kwamba migomba haichagui.

Watu wakatazama chini. Mwalimu Kosma, katekista wetu wa kigango, naye akatazama chini, ingawa ana Kiswahili kirefu kanisani. Msalaba wake wa mbao alikuwa amekwisha uchonga, akarudi nao nyumbani kwake.

Alikuwa mke akaacha kuwa mke! Nilitaka kumwambia Rwekaza ilikuwaje, nikashindwa, kwa sababu sijawahi kulisema jambo lile kwa mdomo wangu. Nalisema leo.

Lazaro alipotaka ubatizo, padri alimwambia achague mke mmoja wa kufunga naye ndoa, mwingine aondoke nyumbani mwake. Lazaro akakaa siku tatu hata rubisi, pombe yetu ya ndizi, hanywi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kungoja wanawake waamue. Wewe ndiwe uliyekuwa mkubwa. Mahari yako ilitoka kwanza. Nilipoletwa mimi, msichana mjinga, wewe ndiwe uliyenipokea ukanionyesha mtungi uko wapi na kisu cha kumenyea kiko wapi. Kwa haki yote niliyepaswa kurudi kwa baba yangu kule Ihembe ni mimi. Mzigo wangu nilikuwa nimekwisha ufunga. Ukaingia, ukaufungua, ukatoa nguo moja moja ukazitundika tena pale pale. Ulisema, "Mimi wangu mmoja alikufa kabla hajaota meno. Wewe unao watatu, na wa nne yumo tumboni. Kaa." Kisha ukachukua mkeka wako, ukashuka chini kwenye kibanda, ng'ambo ya mtaro.

Ukabatizwa Anna. Mimi nikabatizwa Magdalena, nikafunga ndoa kanisani na mume wetu, nawe ukaimba kwenye arusi ile kwa sauti kuliko wote. Padri alinung'unika kwamba kibanda kiko karibu mno. Lakini Lazaro hakuuvuka ule mtaro hata siku moja mpaka alipokufa. Nguzo zikioza alituma wanangu wakazibadilishe. Ni mimi niliyeuvuka, na wewe.

Asante sikukuambia. Miaka ishirini na kitu tunaonana kila siku ya Mungu, sikukuambia. Ilikuwa kubwa, haikupita mdomoni. Nilikuletea maharage badala yake. Nilikugombeza kuhusu paa lako.

Nawe kila asubuhi ulipanda na kitabu kwapani. Mimi namenya ndizi, wewe unasoma, mistari sita, saba, basi. Kisha unachagua neno moja, unafunga fundo kwenye ncha ya shuka yako na fundo kwenye ncha ya yangu, tukalibeba shambani. Jioni kabla ya sala uliyafungua mafundo na kuniuliza, "Haya, Magdalena. Umelitumia wapi?" Mara nyingi sikuwa nimelitumia popote. Siku ya lile neno la kugeuza shavu la pili, mbuzi wa jirani aliingia kwenye maharage yangu, nikampiga jiwe. Nikakuambia mbuzi si mtu, hana shavu. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye majani. Lakini kesho yake ukanisomea mstari ule ule, na kesho kutwa tena, mpaka nikaenda kumwomba radhi mwenye mbuzi. Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Mpole, lakini huachii.

Na watakatifu wako. Ulikwenda misheni kwa miguu ukakaa kwa masista majuma mawili kunakili majina yao kutoka kalenda ya ukutani, mtakatifu mmoja mstari mmoja, mwaka mzima katika daftari. Ukaweka uzi wa mgomba kama alama. Kila asubuhi uzi unashuka mstari mmoja, na ndivyo tulivyojua leo ni siku ya nani. Ulikuwa unanisimulia habari zao kana kwamba wanakaa ng'ambo ya kilima. Yule aliyechomwa juu ya wavu wa chuma, nilimkumbuka kila nilipochoma ndizi. Yule Monika aliyemlilia mwanawe mlevi miaka na miaka, nilikuambia mimi ningemchapa. Ulisema, "Ndiyo maana yeye yumo kwenye daftari na wewe humo." Mdomo wako, Anna.

Basi Rwekaza alipokwisha kusema yake, nikaenda nyumbani nikafikiri. Unajua desturi ya hapa kwetu. Kibanda ambacho jiko lake limekaa baridi mpaka mavuno ya kahawa, kimekufa, ukoo una haki ya kukibomoa. Rwekaza alikuwa anahesabu hilo. Nami nikahesabu langu. Matanga yalipokwisha, siku nne ambazo hakuna aliyeshika jembe wala ufagio, asubuhi ya tano nikashuka na kijinga cha moto. Nikawasha jiko lako. Nikachukua kitabu pale juu ulipozoea kukiweka, nikashusha uzi wa daftari mstari mmoja, nikakaa kwenye kigoda chako. Nikafungua.

Sikujua kusoma, Anna. Nilikuwa nimejidanganya kwamba najua. Herufi nazijua zote, ulinifundisha, lakini miaka yote hiyo wewe ulikuwa macho na mimi nilikuwa masikio. Mstari mmoja ulinichukua muda wa sufuria kuchemka. Nilipofika mwisho wa neno nilikuwa nimesahau mwanzo wake. Nikakifunga kitabu nikakutukana, Mungu anisamehe, kisha nikakifungua tena. Kesho yake hivyo hivyo. Nikafunga fundo langu mwenyewe. Jioni nikajiuliza mwenyewe, umelitumia wapi, na nikajijibu, leo nimelitumia kutomchapa Rwekaza.

Kila siku alipita kwenye njia ya ng'ombe akaona moshi. Aliwaambia watu kwamba yule mzee anakwenda kule kuota moto na kukariri maneno aliyoyasikia kwa marehemu, kusoma hasomi, anashika kitabu kama mtu ashikavyo kuku wa kuuza.

Kiangazi kikafika, kahawa zikawa nyekundu. Nikaona kwenye daftari uzi unakaribia Mtakatifu Anna, somo wako. Nikasema siku hiyo nitafanya sikukuu, na nitawaita wote, Rwekaza wa kwanza, wale chakula mlangoni pa kibanda wanachotaka kukibomoa. Nione kama mtu anaweza kula mahali na kesho akapavunja. Nikatandika majani mapya ndani, yale mororo ya bondeni. Nikaweka kahawa za kutafuna kwenye kikapu chako kidogo. Ndizi na maharage, samli, na rubisi niliyoikamua kwa miguu ya wajukuu zangu kwa kuwa yangu imekataa.

Walikuja. Walikaa. Mwalimu Kosma alipotaka kuanza sala akaniita pembeni, akaninong'oneza kwa huruma kwamba sikukuu ya Mtakatifu Anna imepita. Ilikuwa siku nne nyuma.

Ule uzi! Siku nne za matanga hakuna aliyeshika jembe wala ufagio, na hakuna aliyeshika daftari. Watakatifu walikwenda mbele, mimi nikabaki nyuma yao siku nne, masika yote yaliyobaki na nusu ya kiangazi. Jumapili nilizijua kwa ngoma ya kigango, lakini tarehe nilizijua kwako tu. Nimewasomea watu wa mbinguni kila mmoja siku isiyo yake.

Alininong'oneza, lakini unajua Mwalimu anavyonong'ona. Rwekaza akasikia. Akacheka akiwa ameshika bakuli langu. Akasema mbele ya wote, "Mnaona? Mnaambiwa anasoma. Angekuwa anasoma angejua leo ni siku gani. Moshi ule ni wa mtu kuota moto tu, desturi haiuhesabu, jiko halina mwenyewe."

Nikamjibu kwamba Mtakatifu Anna ni bibi yake Yesu, na bibi hakasiriki kwa kungojeshwa siku nne, mabibi tumezoea kungojeshwa na ninyi. Wanawake wakacheka. Lakini mimi sikucheka nao, Anna. Kwa sababu kuhusu ile siku alikuwa amesema kweli, na watu wakishaona kosa moja huamini yote yaliyobaki.

Akachukua kitabu chako kutoka kwenye kigoda. Akasema nitakufungulia mimi, mahali nitakapochagua mimi, usome tusikie. Ukishindwa, kesho vijana wanakuja na mapanga. Akafungua ukurasa wa kwanza kabisa, kwa kuwa hajawahi kufungua kitabu, na mtu wa namna hiyo huanzia mlangoni. Akanipa.

Yalikuwa majina. Fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani, mlima mzima wa majina ya Kiyahudi. Na wewe, mwalimu wangu mzuri, ukurasa ule uliuruka kila mwaka! Ulisema majina yale tutayasoma tukizeeka. Hakuna hata moja nililowahi kulisikia likisomwa likakaa masikioni. Kila moja lilikuwa jiwe jipya.

Nikasoma. Nilisoma kwa kidole, silabi moja, nyingine, nikakwama, nikarudi, nikaliunganisha jina nikalitupa kwao, nikashika jingine. Chakula kikapoa. Hakuna aliyeondoka. Na jambo la ajabu, Rwekaza akaacha kucheka. Unajua yeye ndiye anayetaja baba wa ukoo wetu kwenye arusi na misiba, kumi na wawili bila kupumua. Aliposikia huyu akamzaa huyu, akaanza kukunja vidole. Nikikwama kwa mtu mmoja muda mrefu, yeye ndiye aliyesema, "Endelea, endelea, huyo alimzaa nani?"

Kisha nikaona jambo. Katikati ya wanaume wale mlikuwa na wanawake. Mmoja Tamari. Mwingine Rahabu. Ruthu. Kila mara Rwekaza anainua kichwa, kwa sababu kwenye kutaja kwake hakuna mwanamke hata mmoja. Nikafika kwa mfalme Daudi, aliyemzaa Solomoni. Kwa nani? Nikasoma, nikadhani nimekosea. Nikarudi nyuma, nikaweka kidole tena. Hapakuwa na jina. Palikuwa na yule aliyekuwa mke wa Uria.

Nikamuuliza Mwalimu Kosma kama nimesoma vizuri. Akasogea, akatazama, akasema ndivyo. Akataka kueleza habari za dhambi ya mfalme, nikamwambia dhambi ya mfalme amwachie mfalme, mimi nauliza maneno. Yameandikwa? Yameandikwa. Aliyekuwa mke, ambaye si mke tena, amehesabiwa katika ukoo wa Bwana wetu? Mwalimu akasema, "Amehesabiwa, mama."

Nikakifunga kitabu. Nikamwambia, "Shemeji, wewe unajua kutaja ukoo kuliko sisi wote. Ukoo wa Mwana wa Mungu una nafasi ya aliyekuwa mke. Wako umejaa?"

Akachukua kahawa moja kwenye kikapu chako, akaitafuna muda mrefu, akaimeza. Wote tulimtazama yeye. Halafu akasema kibanda kikae, na kaburi lisiguswe, ila msalaba tusiuweke kwenye njia ya ng'ombe. Akaomba nimpashie ndizi moto. Nikampashia. Sikumpa samli ya pili, usifikiri nimekuwa mtakatifu.

Mwalimu aliurudisha msalaba wake kesho yake. Maandishi niliyaandika mimi, kwa chuma cha moto, herufi kubwa, mbili zimepinda. Nimeandika ANNA ALIYEKUWA MKE WA LAZARO. Mwalimu alishika kichwa. Padri akija, alisema, padri atasemaje? Nikamwambia padri akitaka kuyafuta aanze kuyafuta kwenye Injili, akimaliza huko aje huku, atanikuta nimekaa kwenye kigoda.

Mwalimu alinishauri pia niruke mistari minne kwenye daftari ili nilingane na kanisa. Nimekataa. Wale watakatifu hawakunikosea kitu, kwa nini niwapite kama watu nisiowajua? Nilisoma wawili wawili, asubuhi nne. Jana nilifika. Leo mimi, padri na Papa wa Roma tuko kwenye mstari mmoja.

Lakini zile siku nne za matanga nimezifanyia alama ya mkaa pembeni ya daftari. Sitaki mtu azifute. Ndizo siku ambazo hapakuwa na mtu wa kushusha uzi.

Sasa lile nililosema nitalifikia. Nimekaa ndani mwako, moto unawaka, kitabu kimefunguka. Neno la leo ni la wale wakoma kumi walioponywa, na mmoja tu akarudi. Nimefunga fundo mara mbili. Nimerudi, Anna. Nimechelewa kuliko siku nne. Asante kwa ule mzigo ulioufungua. Asante kwa watoto wangu wanne waliolelewa na mama yao, na wakamwita mwingine Mama Mkubwa. Asante kwa arusi ile uliyoiimba. Jioni ukiniuliza nimelitumia wapi, nitakuonyesha karatasi hii.

Watoto nimewaambia, na Rwekaza nimemwambia ili asiseme hakusikia. Siku yangu ikifika wasinipeleke juu karibu na Lazaro. Nilikaa naye vya kutosha, na ndoa, kama padri mwenyewe alivyosoma, mwisho wake ni kifo. Wanilete chini. Mpaka siku hiyo moto huu hautazimika, na kitabu hiki nitakisoma mpaka nikimalize, kisha nianze tena na yale majina. Nisipoweza kuushuka mteremko nitabebwa, wajukuu ninao na wana mabega.

Mungu akulaze pema. Sogea kidogo upande wa njia ya ng'ombe, ule wa huku kwenye kibanda uniachie mimi. Mimi ndiye ninayesikia baridi.

Ni mimi, mke mwenzako,
Magdalena